Mstari Mmoja

Kondigle, Simbu
4 Machi 2016

Dada Skola,

Hujambo huko Goroka kwenye umeme na maji ya bomba? Sisi tungali hai, na siku hizi hilo si jambo dogo. Mnara wa simu Wakumai, adui zetu wa ng'ambo ya mto, wameuchoma, kwa hiyo tumerudi kwenye barua kama enzi za bibi. Mzee Bomai, anayebeba sanduku la chanjo, ndiye peke yake anayepita barabarani bila kupigwa mshale, kwa sababu pande zote mbili zina watoto. Jibu mpe yeye.

Nisikuzungushe. Sijaona siku zangu tangu kabla ya Krismasi. Januari hazikuja, Februari hazikuja. Matiti yananiuma, na harufu ya mafuta ya nguruwe inanitoa mbio. Wewe ni nesi, lakini kwa dalili hizi hata huyo nguruwe angeweza kunipima.

Mama mkwe wangu anasema ni njaa tu. Bustani za bondeni zimechomwa, tunakula viazi vya mbegu, na kweli wako wanawake hapa ambao siku zao zimekatika na tumboni hamna kitu. Shida ni sheria. Unaijua: mume wa mwenye mimba hagusi upinde wala bunduki mpaka mtoto azaliwe. Akishuka vitani, bahati ya wenzake inakufa na wao wanakufa nayo. Kwa hiyo anabaki nyuma, anachoma viazi. Basi tangu vita vianze Februari kila mwenye mume kijana ana mimba! Siune, kiongozi wa vita, amechoka. Juzi alisimama uwanjani akasema, "Mimba za mdomo sizitaki tena. Mjini kuna kijiti cha kukojolea. Mwenye tumbo alete kijiti kiseme. Kijiti hakina mume wa kumwonea huruma."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Mondo, rafiki wa Kagl, walimrudisha wiki iliyopita kwenye machela, mwili bila kichwa, na mkewe akakaa siku nzima ameushika mguu wake. Kagl wangu ana hasira za karibu na mdomo mrefu, lakini ni wangu. Simtaki kwenye machela.

Nitumie hivyo vijiti upesi.

Mdogo wako,
Dilu


Goroka
9 Machi 2016

Dilu wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kliniki, na mgonjwa akaniuliza nani amekufa.

Vijiti vitatu hivi hapa, nimevifunga kwa mkono wangu. Sasa nisikilize, na usinifanyie ule ubishi wako wa utotoni. Tumia mkojo wa asubuhi, ule wa kwanza kabisa. Usinywe maji mengi kabla, utauzimua. Chovya, laza kijiti, hesabu dakika tano, soma. Mistari miwili ni mimba. Mmoja, hakuna. Ukikisahau ukarudi jioni ukaona mstari wa pili umejitokeza, huo si mstari, ni unyevu umekauka, usiuamini.

Na hili lishike zaidi: kikisema ndiyo, karibu kila mara ni kweli. Kikisema hapana, usikate tamaa, ngoja wiki urudie. Hapana yake ni nyepesi kuliko ndiyo yake. Kukosa siku pia peke yake hakutoshi. Nimeona wasichana waliokosa miezi minne kwa njaa na hofu, bila mimba yoyote. Kipimo cha damu ndicho kingemaliza ubishi, lakini kwako damu haitoki Kondigle bila kumwagika.

Viweke pakavu. Sakafu yenu ya udongo naijua, maji yanapanda hadi kwenye mkeka. Mtu mwingine asivishike.

Kagl mwambie shemeji yake anamsalimu, na viazi avichome vizuri, asiviunguze.

Dada yako,
Skola


Kondigle
14 Machi 2016

Dada,

Vimefika. Bomai alivitoa chini ya chupa zake za chanjo, vimepoa kama samaki wa mtoni.

Nilitaka kupima asubuhi ileile, lakini Siune amejua. Nadhani Bomai amesema, yule mzee hana kifuniko. Siune akaja na wazee wawili, akavihesabu, akatia alama ya mkaa kwenye kila pakiti. "Vitafunguliwa Jumatatu ya Pasaka mbele ya wanawake wangu. Nikikuta alama imechezewa, mwanamke, nitajua una la kuficha." Kwa hiyo nasubiri.

Usiwe na wasiwasi, nimeviweka pakavu. Viko kwenye uchaga juu ya moto, mahali kama pale mama alipokuwa anaweka mbegu na manyoya ya ndege. Moto wetu hauzimwi mchana wala usiku, baridi ya mwezi huu ni ya kukata masikio. Hakuna unyevu wala mende atakayevifikia huko.

Kagl tangu Februari haingii nyumbani. Wapiganaji wote wanalala nyumba ya wanaume, mke haguswi. Anasimama nje ya uzio ananipigia kelele: "Mama watoto! Huyo wa ndani hajambo?" Namjibu, "Hajambo, anasema baba yake ana miguu ya bata." Anacheka, anaondoka. Juzi alinirushia viazi viwili juu ya uzio. Najua yeye mwenyewe hakula.

Nimehesabu siku hadi Pasaka. Nikitoka pale na mistari miwili, amepona.

Dilu


Kondigle
28 Machi 2016

Shemeji Skola,

Naandika mimi, Kagl. Dilu macho yamevimba, haoni karatasi. Sitaki uambiwe na mtu mwingine: nimempiga mimi.

Vijiti vitatu vimefunguliwa leo asubuhi. Wanawake wanne walikuwa ndani naye, wakatoka navyo mikononi. Mstari mmoja, mstari mmoja, mstari mmoja. Wanaume mia wako pale. Mmoja akasema, "Kagl mkewe ana mimba ya viazi," na uwanja mzima ukaangua kicheko. Mdogo wangu Umba, ambaye jana tu nilikuwa namfuta kamasi, akaniambia, "Kaka, wewe kaa na akina mama. Upinde wako nitabeba mimi."

Mama ndiye aliyeanza, kwa mti wa kuchochea moto. Dilu alikuwa anapiga kelele, "Nina mimba, nina mimba, naijua!" Hakunyamaza. Nikaona anazidi kunivua nguo mbele ya watu, nikamalizia kwa mikono yangu. Jino moja limetoka. Nilisimama nilipoona damu sikioni.

Keshokutwa tunashuka mtoni. Natangulia mbele. Nikifa usinilaani sana.

Kagl


Goroka
6 Aprili 2016

Dilu,

Barua zenu mbili zimenifikia leo kwa pamoja. Daraja lilichukuliwa na maji, Bomai akakwama wiki tatu. Nimesoma yako, nikasoma ya mumeo, nikarudia yako.

Uchaga, Dilu. Juu ya moto! Vile vijiti vinakufa kwa joto. Ndani yake mna dawa laini kama chanjo za Bomai. Umevikausha moshini wiki mbili. Baada ya hapo hata ungempelekea mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, vingesema hapana.

Wala si wewe. Ni mimi niliyeandika viweke pakavu nikaishia hapo. Nimezaliwa kwenye nyumba kama ile. Kwetu kitu cha thamani kinawekwa wapi kama si juu ya moto? Mjini nimekaa miaka kumi na miwili, nikadhani pakavu ni kabatini. Nilijua sheria zote za kijiti, nikasahau nyumba ya mama yangu.

Mzuie Kagl asishuke. Mwambie nesi amesema vijiti vimeharibika. Kama amekwisha shuka, Mungu atusaidie. Na mwambie hili pia, neno kwa neno: siku nitakayomshika nitamng'oa yeye meno yote, moja moja, na sindano ya ganzi sitaleta.

Skola


Kondigle
27 Aprili 2016

Dada,

Barua yako ilikuta wamekwisha rudi. Nimeisoma, nimeichoma.

Walishuka tarehe thelathini kabla ya jua kuchomoza. Wakumai walikuwa wamelala kwenye magugu upande wetu wa mto, wakawangoja waingie majini. Siune alimtanguliza mwanawe wa kwanza, Gandi, na bunduki. Bunduki ilikwama. Wakamkata kwa shoka pale kwenye maji ya magoti, naye anajaribu kuifungua. Wa pili kufa, kijana wa nyumba nyingine, alipigwa mshale wa jichoni. Wa tatu ni Umba. Kagl alimrudisha mgongoni kutoka mtoni hadi hapa, mwendo wa saa mbili, na utumbo unamwagika kiunoni kwa kaka yake. Umba alikuwa bado anazungumza. Aliomba maji mara tatu, na Kagl hakuwa na chombo. Alikufa uzioni kwetu. Kagl mwenyewe hata mkwaruzo hakupata.

Na jana, dada, huyu wa tumboni amenipiga teke.

Nililia kwa furaha, kisha nikakumbuka. Machi nilikuwa naomba watu waniamini nina mimba. Leo tumbo linatokeza, najifunga mkoba wa kamba kwa mbele nilifiche. Kwa sababu kama mimba ilikuwepo siku ile, basi Kagl aliivunja sheria na wale watatu wamekufa kwa ajili yangu. Na kama nikisema mimba ni ya baadaye, Kagl hajanigusa tangu Februari, na kila mtu anajua. Basi ni ya nani? Hiyo nayo adhabu yake ni panga. Niende kulia nakufa, niende kushoto nakufa.

Kagl nilimwambia. Tulikuwa nyumba ya nguruwe, ndiko ninakolala sasa. Alipigiza kichwa kwenye nguzo hadi damu ikamtoka. "Nimemuua Umba," akasema, "na ulinipigia kelele mbele ya watu wote, na nikakung'oa jino."

Mama mkwe ameanza kuninusa. Jana aliniuliza, "Mbona unatembea kama bata aliyeshiba?" Wanawake kisimani wameshaanza: Dilu mama yake alizaliwa Kumai, Dilu alibadilisha mkojo, Dilu aliviroga vijiti ili wana wetu washuke na bahati mbovu. Wakijua vilikaa kwenye uchaga wangu watasema nilivipika kusudi. Nani ataamini sikujua?

Ningekimbia, lakini barabara ya chini wanaichunga Wakumai, na ya juu inapita mlangoni kwa Siune.

Fikiri wewe uliyesoma. Mimi kichwa kimegoma.

Dilu


Goroka
4 Mei 2016

Kwa Mzee Siune, Kondigle

Mzee wangu, shikamoo.

Mimi ni Skolastika, binti wa marehemu Waim, dada yake Dilu mke wa Kagl. Nakupa pole kwa Gandi na wale vijana wawili. Gandi nilimchanja mimi mwenyewe alipokuwa mtoto, alilia hadi akanikojolea.

Naandika kukiri kosa langu. Vile vijiti vitatu nilivituma nikijua kwamba muda wake umepita. Vilikuwa kwenye boksi la kutupwa, nikavitoa humo kwa uvivu, sikutaka kwenda kuomba vipya. Kijiti kilichopitwa na muda husema hapana hata kwa mwenye mimba. Hivyo vilisema hapana vilipotoka mkononi mwangu, na vingesema hapana popote ambapo vingewekwa.

Dilu alikuwa na mimba siku ile. Aliwaambia kwa mdomo wake mbele ya uwanja mzima, akapigwa kwa kusema kweli. Hakuficha chochote. Kagl alishuka kwa sababu kijiti kilimwambia ashuke, na kijiti kilitoka kwangu.

Kama damu ya vijana wale inamtafuta mtu, mtu huyo ni mimi. Nipo Goroka, kliniki ya akina mama, nyumba ya pili nyuma ya soko la popoo za kutafuna. Sitahama.

Skolastika Waim, nesi
(Nimegonga muhuri wa kliniki hapa chini.)


Goroka
4 Mei 2016

Dilu,

Hii imo ndani ya soksi za mtoto, usimwonyeshe mtu. Barua ya Siune ni uongo mtupu, vijiti vilikuwa vizima kabisa. Usitikisike ikisomwa. Ukiulizwa ulivihifadhi wapi, sema ndani ya mkoba wako ukutani, basi. Neno uchaga lisikutoke mdomoni hadi unaingia kaburini. Mwambie na Kagl.

Skola


Kondigle
21 Mei 2016

Dada,

Umefanya nini?

Waliisoma uwanjani. Mwalimu wa shule ndiye aliyesoma. Nilikuwa nimepigishwa magoti katikati, wamekwisha nifunua tumbo, mama mkwe ndiye aliyeurarua mkoba. Vijana walikuwa wameleta matairi mawili na mafuta ya taa. Nilinusa mafuta yale, na huyu wa tumboni akatulia tuli, nikadhani amekufa kwa woga. Kagl alisimama mbele yangu na shoka, akasema atakayewasha kiberiti aanze na yeye. Walimpiga jiwe akaanguka.

Mwalimu akaimaliza barua. Siune akaichukua, akautazama muhuri, akaikunja. Kisha akasema, "Mwachieni. Alituambia." Hayo tu. Mama mkwe akajitupa chini akalia, sijui alikuwa akimlilia Umba au mimi.

Lakini dada, jioni nilimwona Siune amekaa na Bomai. Alikuwa anauliza soko la popoo liko upande gani wa barabara. Amewatuma vijana wawili kwa njia ya milimani. Mmoja ni Wena, mwanawe aliyebaki.

Kimbia! Nenda pwani, nenda Lae, nenda popote. Nimefikiri siku tatu na siwezi. Nitakwenda uwanjani nikaseme kweli, kwamba ni mimi niliyeviweka juu ya moto, kwa ujinga wangu. Siwezi kula viazi vyangu hapa huku wewe unakatwa kwa kosa langu. Kagl anasema ninyamaze. Yeye ana deni lake la kunyamaza, mimi sina. Jumapili ya tarehe ishirini na tisa wakikusanyika nitasema, labda barua yako inizuie.

Dilu


Goroka
24 Mei 2016

Dilu,

Mwandiko usikushtue, ni mimi. Naandika kwa mkono wa kushoto, na Bomai anaishika karatasi isitembee. Amesema atapita milimani afike kabla ya Jumapili.

Vijana walikuja jana alasiri, watu wamejaa sokoni. Sikukimbia. Ningekimbia, wangerudi kwako. Wena akaniuliza kwa adabu kabisa, "Wewe ndiwe dada Skola?" Nikamwambia ndimi. "Mkono uliovifunga vile vijiti ni upi?" Nikamwonyesha.

Alipiga panga mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alifumba macho. Kisha akakaa chini, akavua kamba ya mkoba wake, akanifunga juu ya kiwiko nisiishiwe damu, huku analia kuliko mimi. "Imetosha," akasema. "Baba amesema mkono, imetosha." Wauza popoo ndio walionibeba kliniki. Mwenzangu wa zamu alinishona, na aliniuliza mara tatu kwa nini niliandika barua ile ya kujishtaki.

Sasa Jumapili unataka kwenda uwanjani kusema kweli. Nenda basi, kama unataka watu wale wachukue matairi yao tena, wewe uungue na mtoto, Kagl afe mbele yako, na mkono wangu uwe umekwenda bure. Hawatanirudishia. Siune amekwisha mzika mwanawe na hasira yake amekwisha imwaga, na imemwagika pale nilipotaka imwagike.

Naumwa, Dilu. Naumwa hata vidole ambavyo havipo. Nimekukasirikia pia, sikufichi. Jana usingizini nilikutukana matusi ambayo mama angenipiga kwa ajili yake. Lakini nilimwonyesha Wena mkono wangu nikiwa na akili timamu, na nitakuwa nayo kesho.

Umefikisha wiki ya ishirini na mbili kwa hesabu yangu. Kula mboga za majani, usibebe kuni nzito, maji chemsha. Ukiona damu mtume Bomai siku hiyohiyo.

Na funga mdomo wako, mdogo wangu. Nyamaza, uzae.

Skola